Ua Lisilotaka Maji Mengi

Mlango wangu uligongwa saa tisa za usiku, na haukugongwa kwa mkono. Uligongwa kwa mwiko. Si mwiko wa ugali, la. Ule wa kupakulia biriani ya harusi, mrefu kama kasia. Aliyeushika ni Bi Mkubwa wa ghorofa ya pili, leso moja kiunoni, nyingine kichwani, zote mbili zimelowa chapachapa.

"Mwanangu," akaniuliza kwa upole ulionitisha kuliko makelele, "kwako kuna mto?"

Nikatazama chini. Maji yalikuwa vifundoni. Kandambili yangu ya kushoto ilinipita taratibu ikielekea ngazini, nyuma yake vipande vya makumbi ya nazi, kama jahazi na mitumbwi yake.

Nilikuwa na jibu moja tu, tena la kweli. "Bi Mkubwa, ni ua."

Ua lenyewe nililitoa Nairobi. Nilikuwa nimetumwa kikazi, nikaliona dukani: okidi nyeupe, maua tisa kwenye kikonyo kimoja, yametandaza mabawa kama nondo waliotua. Aina hii huitwa Phalaenopsis, na jina lake la Kigiriki ndiyo maana yake hasa, lenye sura ya nondo. Kwao ni misitu ya joto ya Asia, Ufilipino na Indonesia huko. Nikajiambia, kama ni joto na unyevu, sisi Mombasa tunavyo hata vya kuuza. Nikatoa shilingi 2,500 na kuipakata kwenye treni mpaka Miritini. Abiria walinipisha kwa adabu ambayo sijaona akipewa mama mjamzito.

Muuzaji aliniachia wasia mmoja: "Usiipe maji mengi."

Nilipofika nyumbani Tudor nikaichunguza vizuri, nikaona nimepunjwa. Ndani ya kile kikopo cha plastiki hamkuwa na udongo hata chembe. Magome ya mti tu, na mizizi minene imejikunja mle ndani, mingine imetoka nje inaning'inia hewani. Nikasikitika. Mgeni wa watu, katoka mbali, hana hata pa kulala! Kesho yake nikaenda kwa wauza miche wa kando ya barabara, nikanunua udongo mwekundu na samadi ya mbuzi, nikaifukia hadi shingoni na kuishindilia kwa vidole gumba.

Majani yakaanza kukunjamana. Nikasema hii ni kiu, nikaongeza maji. Na maji yenyewe ni yale ya kisima cha jengo, ambayo ukinawia uso unatoka na ukoko wa chumvi kwenye nyusi. Juu ya udongo kukafanya utando mweupe. Maua ya okidi hii hudumu miezi miwili, mitatu hata. Yangu yaliondoka moja moja kama wageni wa karamu isiyo na chakula, na askari wa getini, ambaye huliona dirisha langu kutoka chini, alikuwa akinipa hesabu kila asubuhi. "Bosi, leo naona mawili." Siku ya pili: "Bosi, pole."

Ndipo nikasoma, jambo ambalo mwenye akili hulifanya kabla ya kununua udongo. Kumbe okidi hii haikai ardhini. Hujishika juu ya miti msituni, wala haiunyonyi mti, imepanga tu. Mizizi yake imevikwa tabaka mfano wa sifongo: mvua ikinyesha inafyonza na kugeuka kijani, ikikauka inarudi rangi ya fedha. Inataka hewa kama mimi na wewe. Na mimi nilikuwa nimeizika ikiwa hai, na samadi juu.

Nikaifukua. Mizizi ilikuwa myeusi. Ukiubana mmoja, ganda linateleza lote na kukuachia uzi mwembamba mkononi. Harufu ya mwani uliooza. Nikachoma makasi motoni, nikakata kila kilichooza, ikabaki mizizi minne mizima. Kisha nikapaka majeraha unga wa mdalasini, maana wafugaji wa okidi hutumia mdalasini kukausha vidonda vya mmea. Mdalasini niliununua Marikiti, na nilinunua kama mtu asiyejua kipimo, kwa hiyo harufu ikateremka ngazi zote.

"Mwanangu, leo wapika pilau?" Bi Mkubwa akaita kutoka chini.

"La, Bi Mkubwa. Natibu ua."

Kimya kidogo. Kisha nikamsikia akimwambia mtu ndani: "Kijana huyu aozwe upesi."

Sasa ilibaki kuipatia makao mapya. Magome ya kutoka dukani sikuyapata, lakini makumbi ya nazi yaliyokatwa vipande hufaa, na nani Mombasa atakosa makumbi? Muuza nazi aliyekuwa akifua kwa kifuo chake alinipa gunia zima bure na kunishukuru kwa kumwondolea takataka. Tatizo ni kwamba makumbi huwa na chumvi, lazima yarowekwe na kumwagwa maji mara kadhaa kabla okidi haijayakubali. Na maji yawe matamu. Yaani utoe chumvi ya makumbi kwa maji ya kisima? Utakuwa unaosha masizi kwa makaa.

Maji matamu kwetu huja kwa mgao, usiku, bila hodi. Bafuni nina mifereji miwili, wa chumvi na wa maji ya mjini, na huu wa pili ni pambo zaidi kuliko mfereji. Ijumaa hiyo baada ya isha nikajaza makumbi kwenye beseni, nikaliweka chini ya mfereji wa pambo, nikaufungua. Ukakohoa. Ukapiga chafya ya hewa. Ukanyamaza. Nikauacha wazi makusudi, ili maji yakija niyasikie yakipiga beseni niamke. Kisha nikawasha pangaboi, ambalo kelele zake ni za helikopta, nikalala.

Maji yalikuja. Beseni likajaa. Na makumbi, wallahi sikulifikiria hili hata kidogo, huelea. Yakapanda juu, yakamwagika na maji, yakaenda moja kwa moja mpaka kwenye tundu la sakafuni na kuliziba sawasawa, kama fundi aliyelipwa kuliziba. Lililobaki unalijua.

Usilolijua ni kwamba Jumapili ile mjukuu wa Bi Mkubwa alikuwa anaolewa. Tangu alasiri akina mama saba walikuwa wamekaa sebuleni kwake na nyuteo wakichagua mchele wa biriani, punje kwa punje, kilo 30, wakautandaza kwenye mikeka na masinia chini ya taa. Na maji yangu, katika dari lote la sebule ile, yalichagua kupitia tundu la taa.

Niliposhuka na tochi, hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililonimaliza. Akina mama wote saba walikuwa wameamka, wamesimama ukutani wakinitazama. Maji yalikuwa bado yanadondoka, to, to, to, katikati ya sinia kubwa kuliko yote. Bi Mkubwa akachuchumaa, akateka mchele kiganjani, akaminya punje moja kwa kucha. Ikavunjika.

"Umerowa vizuri," akasema.

"Nitalipa, Bi Mkubwa."

"Hilo halina mjadala. Lakini mtele uliorowa hivi si wa biriani tena." Akainuka, akawageukia wenzake. "Ni wa vitumbua."

Adhana ya alfajiri ilipoadhiniwa blenda nne zilikuwa zinanguruma. Mimi nilikabidhiwa mbuzi na nazi 20 na kuambiwa nikune, na kila niliponyoosha mgongo nilisikia mtu akikohoa nyuma yangu. Iliki ikatwangwa, hamira ikatiwa, tui likachujwa. Kufika saa tatu asubuhi jengo zima lilikuwa linakula vitumbua, na vilivyozidi vikapelekwa mtaa wa pili. Askari wa getini alikula kumi na moja, kisha akaniuliza kama nina mpango wa kununua ua jingine.

Mchana nikanunua kilo 30 nyingine. Nilidhani nikishautua mlangoni nimemaliza. Bi Mkubwa akanionyesha mkeka. "Na kuuchagua je? Utajichagua wenyewe?" Basi nikakaa, mwanamume pekee kati ya wanawake saba, uteo magotini, nikitafuta vijiwe, huku wananijadili kana kwamba siko.

"Ndiye yuno aliyemwosha ua kwa mdalasini?"

"Ndiye."

"Mume wangu miaka thalathini hajanipaka hata mafuta ya nazi."

Nikainamia uteo wangu.

Jioni nilipopanda juu kudeki ndipo nilipokumbuka mgonjwa mwenyewe. Nyumba nzima ilikuwa imelowa: godoro, mkeka, viatu, sanduku la vyeti. Okidi ilikuwa pale pale nilipoiweka, juu ya rafu karibu na dirisha, imekauka kau. Mizizi yote minne ina rangi ya fedha. Ina kiu.

Bi Mkubwa aliichukua rehani mpaka nimalize deni la dari. Ameipandikiza kwenye kikapu cha waya, imejaa makumbi ambayo aliyaroweka mwenyewe siku tatu, akaining'iniza kwenye dirisha lake la mashariki linaloingiza jua la asubuhi tu. Siku moja nilimweleza, kwa kujitetea, kwamba hata vanila anayotia kwenye keki ni tunda la ukoo wa okidi.

"Kumbe! Basi hii yako yatoa vanila?"

"Hapana, hii si ile."

"Yatoa nini?"

"Maua."

"Lini?"

Hapo nikababaika. Aina hii ili itoe kikonyo kipya hutaka wiki kadhaa za usiku wenye ubaridi, nyuzi kama 18 hivi, na Tudor kwa nyuzi 18 labda ukalale ndani ya friji. Nikamwambia itategemea hali ya hewa. Akanitazama kama anavyomtazama mwana aliyemwambia atalipa mwisho wa mwezi.

Lakini imetoa jani jipya, la kijani kibichi, linang'aa kama limepakwa samli. Ijumaa nashuka kuiona, na kichupa cha maji matamu mkononi. Hunifungulia mlango, hupokea salamu yangu, halafu kabla hajanikaribisha huangalia dari.

"Mfereji umeufunga?"