Barabara ya Vumbi Inaweza Kuwa Barabara Kuu

Kabla lami haijakamilika, barabara ya Masasi, Tunduru hadi Songea ilikuwa ya udongo kwa sehemu kubwa, na mvua zikinyesha malori yalikwama humo. Hata hivyo ilikuwa barabara kuu, kwa kuwa ndiyo iliyounganisha Mtwara na Ruvuma. Mchoraji wa OpenStreetMap, ramani ya dunia ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, aliyeikuta katika hali hiyo alipaswa kuipa hadhi gani, yaani kuiweka katika ngazi ipi ya barabara?

Wapo wanaosema hadhi ifuate hali ya barabara, na hoja yao ina uzito. Ngazi zinazotumika katika ramani hiyo zilitoka Uingereza, mradi ulikoanzia mwaka 2004, na huko barabara kuu huwa na lami bila kuulizwa. Anayeona mstari mnene kwenye simu hutarajia lami, na kwa miaka mingi mchoro wa kawaida wa ramani haukumwonyesha tofauti. Dereva wa gari la wagonjwa akipotoshwa hivyo usiku, hasara si ndogo.

Lakini tukishusha hadhi kwa sababu ya vumbi, barabara pekee ya kijiji itaandikwa kuwa njia ya mashambani, ambayo programu nyingi za kuongoza magari huikwepa au huiacha kabisa. Kijiji chenye zahanati, mnada na basi la kila asubuhi kitaonekana hakifikiki kwa gari. Kosa hili naliona kubwa kuliko lile la kwanza, kwa maana linawafuta watu kwenye ramani.

Kwa hiyo nasimama na wanaofuata umuhimu wa barabara, kwa sharti kwamba uso wake, kama ni lami, changarawe au tope, uandikwe katika lebo ya pekee, yaani maelezo yanayoambatanishwa na barabara kwenye ramani. OSRM, programu inayotafuta njia za magari kwa kutumia ramani hiyo, kwa mfano, kwa mipangilio yake ya awali huipa barabara kuu kilomita 85 kwa saa. Lebo ikisema haina lami, mwendo hushuka hadi 40, na ikisema ni tope, hadi 10. Msafiri analindwa bila barabara kunyang'anywa hadhi yake. Tatizo ni sisi tunaochora kwa kufuatisha picha za setilaiti, tukaweka hadhi, kisha tukaondoka bila kuandika kitu kingine.

Orodha za serikali husaidia kuanzia: nchini Tanzania, wakala wa serikali TANROADS husimamia barabara kuu na za mikoa, na wakala mwenzake TARURA, tangu 2017, barabara za wilaya na mitaa ya mijini. Ila msimamizi wa barabara si kipimo cha matumizi yake, kwani mjini barabara ya TARURA huweza kubeba daladala mchana kutwa.

Linalobaki gumu ni majira. Lebo ya changarawe iliyoandikwa Agosti haimtoshi dereva wa Aprili, na picha ya setilaiti, ambayo kwa kawaida huchaguliwa ya siku isiyo na mawingu, haionyeshi mahali gari linapozama wakati wa masika. Hapo anahitajika mkazi anayeipita barabara hiyo mwaka mzima, naye apewe nafasi ya kusahihisha alichochora mtu wa mbali.