Daftari la ubatizo lipigwe picha, ila mkanda ubaki kwa nani?

Huku Kisumu na Kakamega, mzee asiye na cheti cha kuzaliwa hutumwa parokiani. Karani hufungua daftari lenye kurasa zilizogeuka rangi ya chai, hutembeza kidole, na mara jina la baba yake mzee hujitokeza. Mapadre wa Mill Hill walifika Kisumu mwaka 1903; Waquaker walikuwa wametangulia Kaimosi kwa mwaka mmoja. Serikali ya kikoloni nayo ilijali zaidi vibarua: kipande, yaani kitambulisho cha kazi kilichoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1910, kilimwandika mwanamume, si mkewe wala watoto. Ndiyo maana anayemtafuta nyanya yake wa wakati ule huishia kanisani.

Daftari hilo lina adui wengi, kuanzia mchwa hadi bati linalovuja, na mara nyingi ni nakala moja tu. Kwa hiyo wanaotaka madaftari yapigwe picha kwenye mikrofilamu, yaani mkanda wa filamu wenye picha ndogo mno za kurasa, wana hoja nzito. Mkanda wa mita 30 hubeba mamia ya kurasa, na kuusoma kunahitaji taa na lenzi tu; hakuna programu itakayopitwa na wakati. (Hifadhi yake ni jambo jingine. Mikanda ya zamani ya asetati, aina ya plastiki, ikikaa kwenye joto na unyevu kama wa ziwani huanza kunuka siki, na picha huharibika.) Mabingwa wa kazi hii ni Wamormoni, waumini wa kanisa lenye makao Utah, Marekani. Walianza mwaka 1938, wana mikanda zaidi ya milioni 2 ndani ya mlima wa mawe, na kufikia 2021 walikuwa wameigeuza kuwa picha za kidijitali.

Lakini mwaka 2008 Vatikani iliwaagiza maaskofu wasiwape Wamormoni madaftari ya parokia, kwa kuwa wao hubatiza kwa niaba ya watu waliokwisha kufa. Wapo wanaoliona jambo hilo kama ugomvi wa makanisa. Mimi naona swali lililo ndani yake ni letu sote: marehemu wangu, nani amekupa ruhusa?

Tena sisi tumeumwa na nyoka, ung'ongo tunaushtukia. Miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Syracuse, New York, kilipata mikrofilamu za nyaraka zetu za kikoloni, na mwanafunzi wa huko akazisoma karibu na bweni lake huku wa Kisumu akipanda basi kwenda Nairobi. Mwaka 2011 ikajulikana kwamba Uingereza ilikuwa imeficha katika majengo ya serikali yake huko Hanslope Park mafaili yaliyotolewa Kenya kabla ya uhuru.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi ni majina. Faharasa za nasaba zilitungwa kwa watu wenye jina moja la ukoo linalorithiwa. Sasa mtafute Otieno, aliyezaliwa usiku, katika parokia ya Wajaluo! Utapata mia, na hakuna undugu kati yao. Kwa Waluhya, Wafula wa leo huenda amepewa jina la babu, si la baba. Mkanda utakuonyesha “Petro mwana wa Otieno”. Ni Otieno wa mlango upi, mzee wa ukoo ndiye ajuaye. Daftari pia hufichua mtoto ambaye mahali pa baba pameachwa wazi, na katika kesi ya shamba nafasi hiyo tupu inaweza kumfukuza mtu nyumbani.

Kwangu mimi, yapigwe picha, na upesi. Ila mkanda asili ukae Kisumu au Kakamega, mgeni achukue nakala. Kurasa za watu walio hai zifungwe. Na kabla ya kamera kuwashwa, katekista mstaafu na wazee wawili watatu waketi na daftari, wataje kila jina ni la mlango gani, na hayo yaandikwe pembeni. Kazi hiyo ya wazee haina mfadhili wa kuishangilia, lakini ndiyo ningeanza nayo.