Kariakoo Inavyokula Ngazi Zake

Kariakoo, Dar es Salaam, kila upenyo una bei. Sehemu ya chini ya ghorofa iliyochorwa kuwa maegesho ya magari inakatwa vipande, inapigwa milango ya chuma, inakuwa fremu, yaani vyumba vya maduka. Chini ya ngazi kuna kijana anauza chaja na kava za simu, kiti chake kimeegemea mita za umeme. Panda juu: korido imejaa marobota ya vitenge, mkikutana wawili mmoja lazima apite ubavu. Wapangaji siwalaumu. Mtu aliyetoa kilemba cha mamilioni, yaani malipo ya kupewa nafasi tu, kabla hata ya kodi ya mwezi wa kwanza atafanyaje, asitumie kila inchi? Ninaowalaumu ni wenye majengo, pamoja na wale wanaopita kukagua na kuondoka bila kuona kitu.

Mtaa huu ulianza kwa kupimwa vizuri sana, ingawa kwa nia mbaya. Wajerumani waliupanga kwa mistari iliyonyooka ili Waafrika wakae upande wa magharibi, na eneo la wazi la Mnazi Mmoja liwatenge na mjini kwa Wazungu na Wahindi. Vita Kuu ya Kwanza ikaingia, Waingereza wakaleta wapagazi wao wa jeshi, Carrier Corps, na jina tunalotumia leo likatoka kwao. Wenyeji wakajenga nyumba za Kiswahili: mlango katikati, korido ndefu, vyumba kulia na kushoto, uani jiko na choo, mbele kibaraza. Ni katika mitaa hiyo, pale Lumumba, TANU, chama kilicholeta uhuru wa Tanganyika, ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Ni hukuhuku Yanga (1935) na Simba (1936) walipojijenga, na hadi leo ukimwambia bodaboda "Msimbazi, klabuni", hakuulizi zaidi. Hivyo ndivyo tunavyoelekezana: Big Bon, Faya, Gerezani, klabuni. Namba ya nyumba nani anaijua?

Nyumba hizo zimebaki chache, zimebanwa katikati ya maghorofa. Sitaki nijifanye ninazililia zote. Nyingi zilikuwa na choo kimoja kwa familia sita. Lakini kibaraza kilikuwa na kazi. Kilikuwa nafasi ya mwenye nyumba na ya mpita njia kwa pamoja, na mvua ikinyesha hakuna aliyekufukuza. Ghorofa la leo limejengwa hadi ukingo wa kiwanja, na hiyo njia ya waenda kwa miguu iliyobaki mbele yake nayo imepangishwa kimyakimya.

Kwamba jengo la biashara linaweza kufikiria watu, hilo lilishaonyeshwa Kariakoo yenyewe. Soko kuu alilolisanifu Beda Amuli katika miaka ya 1970, yeye akiwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa wasanifu majengo, lina paa la zege lililofunuka kama miavuli iliyogeuzwa juu chini. Kila mwavuli unakinga mvua na kuyateremsha maji hadi kwenye tangi chini ya ardhi. Pembeni hewa inapita bila feni wala kiyoyozi. Mizigo ilikuwa na mahali pake, shimoni, ili juu wanunuzi watembee. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko likaungua, na serikali ikatenga mabilioni ya kulikarabati na kujenga jingine kando yake. Vizuri. Ila karibu kila tangazo nililosikia lilihesabu fremu na vizimba vitakavyoongezeka. Hewa na njia ya kutokea havikutajwa.

Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, ghorofa moja pale mitaa ya Mchikichi na Kongo inapokutana liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Mashuhuda walisema chini kulikuwa na uchimbaji, kuongeza nafasi ya maduka. Tuliwahi kuzika watu 36 mwaka 2013, jengo la Mtaa wa Indira Gandhi lilipoanguka siku ya Ijumaa Kuu, si mbali na hapo. Baada ya ajali ya Mchikichi tume iliundwa, viongozi wakaja na kofia za plastiki, na baada ya wiki chache nyundo zilikuwa zinagonga tena mitaa ya jirani.

Na tuseme moto unawaka leo saa sita mchana. Kituo cha zimamoto kipo jirani kabisa, pale Faya. Lakini gari lipite wapi? Mtaa wa Mkunguni kuna fuso inashusha mzigo, nyuma yake kirikuu tatu, vile vigari vidogo vya mizigo, katikati maguta ya matairi matatu na mikokoteni, na mpagazi mwenye robota kichwani anapiga kelele "mzigo huo, mzigo!" Mwendokasi, mfumo wa mabasi yenye njia zake, tangu 2016 umerahisisha sana kufika Gerezani au Msimbazi, hilo nalikubali, hata kama tunasimama kwa kubanana. Ila ulibeba abiria tu. Mzigo uliachwa ujitafutie njia, na Kariakoo ni mzigo.

Ningeanza na jambo dogo lisilohitaji bajeti. Jengo linapojengwa huwekwa bango: mmiliki, mkandarasi, mhandisi, idadi ya ghorofa. Likikamilika, bango linang'olewa. Libaki. Libandikwe mlangoni kwa herufi kubwa, pamoja na mchoro wa sehemu ya chini unaoonyesha palipoidhinishwa kuwa maegesho, ngazi na njia ya dharura. Mpangaji asome kabla ya kutoa kilemba. Naye muuza kava za simu ajue amekalia nini, na aliyempangisha aulizwe kwa jina.