Roboti ipewe mzigo kabla ya bunduki

Mpagazi aliyeshuka kutoka Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, hadi Bagamoyo katika karne ya 19 alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na posho yake ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Kibaba ni kama robo tatu ya kilo. Safari iliweza kuchukua miezi mitatu. Siku 90 kwa robo tatu ya kilo ni kilo 67, mara mbili ya mzigo wenyewe. Kama angejibebea chakula chake, pasingebaki nafasi hata ya kipande cha pembe. Ndiyo maana misafara iliishi kwa kununua chakula njiani, na Ugogo kukiingia njaa, biashara ya pwani nayo ililala.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika huku, majeshi yalikuta hesabu ileile, ila bila soko la njiani. Wapagazi walibeba chakula cha askari, wapagazi wengine wakabeba chakula cha wapagazi, na makumi ya maelfu wakafa, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni mabaki ya "Carrier Corps", kikosi cha wabebaji cha Waingereza. Watu wanalitaja kila siku wakienda kununua vitenge na simu.

Naanza huko kwa sababu kila zikitajwa roboti za kijeshi, maongezi hukimbilia bunduki. Picha inayosambaa ni ya kigari chenye bunduki ya rashasha, na watu wanabishana kama mashine iruhusiwe kuua. Ubishi huo una nafasi yake. Lakini roboti za ardhini zinazofanya kazi ya maana leo ni wapagazi: zinapeleka maji, risasi na betri mbele, zinarudisha majeruhi, zinagusa mabomu ambayo mtu hapaswi kuyagusa. Msimamo wangu ni kwamba jeshi lolote la ukanda huu likitaka kuanza, lianzie kwenye mzigo. Na fedha iende kwanza kwenye redio, betri na mafundi. Chombo chenyewe ndicho sehemu rahisi.

Warusi walijaribu njia ya bunduki. Uran-9, yenye mzinga wa milimita 30, ilipelekwa Syria mwaka 2018. Wataalamu wao wenyewe wakaripoti kwamba kwenye maeneo yenye majengo mwendeshaji alimudu kuiongoza kwa mita 300 hadi 500 tu, na mawasiliano yalikatika mara kwa mara. Chombo cha tani kadhaa kinachopoteza mawasiliano kikiwa na mzinga ni balaa. Kikipoteza mawasiliano kikiwa na madumu ya maji, ni usumbufu tu, na tofauti hiyo pekee inatosha kuamua uanzie wapi.

Ukraine ndiko somo lilikoiva. Droni ndogo za kulipuka zimeifanya barabara ya kilomita za mwisho kuelekea mstari wa mbele kuwa mahali ambapo pikapu haipiti mchana, na usiku inapita kwa bahati. Kigari cha umeme kisichozidi kimo cha kiuno, chenye mwendo wa kilomita 6 hadi 10 kwa saa, hakina moshi wala muungurumo na kinaonekana kwa shida. Kinapigwa pia, tena mara nyingi. Lakini aliyekufa ni mota nne na betri. Kelele nazo si jambo dogo: Wamarekani walitengeneza mnyama wa miguu minne aitwaye LS3, mwenye uwezo wa kubeba kilo 180, na mwaka 2015 wanamaji wao wakamweka kando kwa sababu injini yake ilisikika kabla askari hawajaonekana.

Sasa turudi kwenye kibaba, maana roboti nayo inakula. Chukua chombo cha kilo 400 chenye mzigo wa kilo 200. Kwenye udongo mkavu ulioshikana, upinzani wa ardhi ni kama asilimia 8 ya uzito. Ukijumlisha upotevu wa mota na giaboksi, kila kilomita inakula karibu kilowati-saa 0.2. Kwenye mchanga mlaini kama wa ufukweni Bagamoyo, upinzani unafika asilimia 25, na kilomita moja inakula zaidi ya kilowati-saa 0.6. Betri ya kilowati-saa 5, ambayo peke yake ina uzito wa kilo 40 hivi, usiihesabu zaidi ya asilimia 80 ya ujazo wake. Basi una kilomita 20 kwenye udongo mgumu, na 6 kwenye mchanga. Gawanya kwa mbili, kwa kuwa lazima irudi. Karatasi ya muuzaji itakuandikia ile 20.

Kuongeza betri kunasaidia hadi mahali fulani, kisha unarudi kwa mpagazi anayekula mzigo wake. Mchanganyiko wa dizeli na umeme, kama ule wa THeMIS ya Estonia, chombo cha tani moja na nusu na ushei kinachobeba tani 1.2, unaipa roboti saa nyingi zaidi, na Waestonia walikwenda nacho Mali mwaka 2019. Lakini hapo umerudisha mafuta, filta, joto na kelele. Kwa kombania ya miguu mimi ningechagua vyombo vidogo vya umeme na betri za kubadilisha kwa mkono, mbili kwa kila chombo, zisizozidi kilo 25 kila moja. Betri ya kilo 40 inataka watu wawili wasimame wima, na mahali pa kubadilishia betri ndipo droni inapopasubiri.

Joto la pwani lina adabu zake. Kivulini nyuzi 33, lakini ndani ya sanduku jeusi la chuma lililoachwa juani saa nane mchana zinafika 60, na kompyuta ya betri inazima kila kitu kujilinda. Mwendeshaji anadhani amepigwa. Dawa yake ni rangi nyepesi juu ya kifuniko, nafasi ya hewa kati ya kifuniko na betri, na kutochaji betri iliyotoka safari hadi ipoe. Wenzetu wa Ukraine wana shida ya upande wa pili: betri ya lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi 0 inaharibika kimyakimya, na ubovu unaonekana baadaye.

Halafu kuna chumvi. Muuzaji akikuambia chombo kina kinga ya IP67, maana yake kimezamishwa kwenye maji safi, mita moja, nusu saa. Hakuna aliyekijaribu kwa tope la mikoko la Kaole wala vumbi la mashamba ya chumvi. Maji ya chumvi yanaingia kwenye plagi, shaba inaota kutu ya kijani, na mota moja kati ya nne inaanza kukatikakatika. Fundi anabadilisha mota, tatizo linabaki, anabadilisha tena. Kosa lilikuwa kwenye plagi ya bei ya soda. Kila plagi ijazwe grisi ya umeme kabla ya kufungwa, ioshwe kwa maji yasiyo ya chumvi siku hiyohiyo chombo kikirudi, na isioshwe kwa pampu ya kuoshea magari, kwa sababu presha ile inasukuma maji kupita mpira wa kuzibia.

Magurudumu au minyororo? Minyororo ya mpira inapita tope vizuri zaidi, lakini ikilegea na mwendeshaji akageuza chombo papo hapo kwenye mchanga, inavuka na kutoka. Kuirudisha kunataka watu wawili, nondo na dakika 20. Magurudumu sita yanavumilia zaidi: moja likifa, matano yanaendelea. Adui wa vyote viwili ni kamba. Nyavu kuukuu, waya wa seng'enge, katani, vyote vinajizungusha kwenye ekseli hadi mpira wa kuzuia mafuta unakatika. Bamba dogo la chuma lenye makali, lililofungwa kati ya gurudumu na fremu, linakata kamba kabla haijakaza. Kipande hicho fundi yeyote wa kuchomelea anakitengeneza, lakini vyombo vingi vya maonyesho havina.

Nikija kwenye redio, hapo ndipo roboti nyingi zinapofia, na hapo ndipo wanunuzi wanapobana fedha. Wimbi la redio halipiti kama uzi ulionyooka. Linahitaji nafasi wazi yenye umbo la mtumbwi, nyembamba kwenye ncha na nene katikati. Kwa masafa ya gigahezi 2.4 na umbali wa kilomita moja, unene huo katikati unafika mita 5 na nusu kila upande wa mstari. Antena ya roboti iko mita moja kutoka ardhini. Kwa hiyo karibu nusu ya mtumbwi huo imezikwa mchangani kabla adui hajawasha mtambo wowote wa kuvuruga. Ongeza mikorosho iliyolowa mvua, na zile kilomita 5 za kwenye karatasi zinakuwa mita 700.

Masafa ya chini, megahezi 400 hadi 900, yanapenya kichaka vizuri zaidi, ila yanabeba picha kidogo. Ningeweka redio mbili: ya chini kwa amri za kwenda, kusimama na kugeuka, ya juu kwa picha. Picha ikikatika, amri ya kusimama bado inafika. Kisha droni ya kupitisha mawimbi ielee mita 80 hadi 100 juu, na hapo ule mtumbwi unanyanyuka kutoka ardhini. Bakuli la setilaiti mgongoni linatatua umbali, lakini linataka mbingu wazi, na chini ya minazi na miembe picha inaganda. Uzi wa mkongo, ule mwembamba wa kioo ambao roboti inauburuta nyuma yake badala ya redio, hauvurugwi na mtu, ila unakatwa na gari lolote linalopita. Na roboti ikirudi kwa njia ileile inaukanyaga uzi wake na kuuzungushia kwenye ekseli. Wajerumani walilionja hili kwa Goliath, kigari chao cha kulipuka kilichoongozwa kwa waya, tangu mwaka 1942: askari mwenye mkasi aliumaliza ufundi wote.

Kuchelewa kwa picha nako kuna kipimo. Kwa kilomita 10 kwa saa, nusu sekunde ni mita 1.4. Anachokiona mwendeshaji kimeshapita, na chombo kinaingia mtaroni yeye akiwa bado anauona ukingo. Punguza mwendo hadi 4 kwenye njia mbovu. Mwendo mkubwa ni wa eneo wazi tu.

Kabla chombo hakijaondoka, lazima iamuliwe kitafanya nini kikipoteza mawasiliano: kisimame, kisubiri dakika kadhaa, au kirudi kwa alama za njia yake. Kurudi kunapendeza, lakini kama GPS nayo imevurugwa, kinaweza kuamini kipo ng'ambo ya mto Ruvu na kwenda huko na risasi zenu. Mimi napendelea kisimame dakika 3, kijaribu redio ya pili, kisha kirudi mita 50 kwa kuhesabu mizunguko ya magurudumu bila GPS. Mita 50 mara nyingi zinatosha kutoka kwenye kivuli cha redio, pale mawimbi yasipofika.

Majeruhi ni jambo jingine kabisa. Inavutia kusema roboti imeokoa mtu, na kweli zimeokoa. Lakini aliyelazwa juu ya chombo yuko peke yake kwa saa nzima, anatikiswa, na hakuna wa kuangalia kama kile kifungo cha kuzuia damu kimelegea. Afungwe mikanda mitatu, kifuani, nyongani na juu ya magoti, mikono ndani, blanketi juu hata kama kuna joto, kwa sababu aliyepoteza damu anapoa. Na asipandishwe kwenye njia ambayo chombo hichohicho hakijaipita na mzigo wa uzito wake angalau mara tatu. Kikinasa na maji, unaacha maji. Kuna na suala la sheria: kinga ya alama ya msalaba au hilali mwekundu ni ya chombo kilichotengwa kwa tiba pekee. Kinachopeleka risasi asubuhi na kurudisha mgonjwa jioni hakina haki ya kupakwa alama hiyo.

Kazi ya kutegua mabomu nayo ni kongwe. Waingereza walianza mwaka 1972 huko Ireland ya Kaskazini na roboti waliyoiita Wheelbarrow, yaani toroli, kwa kuwa ilijengwa juu ya toroli la umeme. Sisi wa pwani hatuhitaji mfano wa mbali hivyo: milipuko ya maghala ya Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011 ilitawanya mabomu kwenye nyumba za watu. Bomu lililorushwa na mlipuko bila kulipuka halijulikani sehemu ipi imevunjika na ipi imekaza. Kulisogelea mara ya kwanza kwa kamera, na kulivuta kwa kamba ndefu mtu akiwa mbali, ni kazi ya chombo cha kilo 50. Halafu kuna panya wa shirika la APOPO la Morogoro, waliofunzwa kunusa mabomu, waliosaidia Msumbiji hadi ikatangazwa huru dhidi ya mabomu ya ardhini mwaka 2015. Panya hana betri, hakanyagi kwa uzito wa kulipua, na hafai kubeba dumu. Kila kiumbe na kazi yake.

Ununuzi wenyewe nisingeuanzia kwenye maonyesho ya lami. Chombo kiletwe Bagamoyo mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea. Kipewe mifuko ya mchanga kilo 150, kitoke ufukweni, kipite ukingoni mwa mikoko, kivuke tope, kirudi, siku tano mfululizo, kikihudumiwa na mafundi wa jeshi na spana zao, mjumbe wa kiwanda akiwa ameketi kivulini bila kugusa kitu. Ihesabiwe kila plagi iliyofunguliwa na kila saa iliyopotea. Siku ya nne, chombo kikiwa kilomita ya tatu nyuma ya mikorosho, mtu azime redio bila kumwambia mwendeshaji, na wote waangalie saa.