Mimi Ndiye Niliyekuwa Moyo

Jana nimejisahau kazini, nikawaambia vijana, "Toeni pete, tumwite Captain Planet." Kimya. Mmoja akauliza kama hiyo ni programu mpya ya simu. Jamani! Mtu ana ngozi ya buluu, nywele za kijani zimemshuka mpaka shingoni, amehangaika angani miaka yote ile kupigana na wamwaga sumu mitoni, leo anaulizwa anapakuliwa wapi!

Nikawaeleza. Katuni ya Marekani, ilianza 1990. Vijana watano, kila mmoja na kwao na pete yake yenye nguvu, nguvu zote tano zikiungana Kapteni anatokea. Kwame wa Afrika, ardhi. Wheeler wa Amerika Kaskazini, moto. Gi wa Asia, maji. Linka wa Umoja wa Kisovieti, upepo. Sasa nchi yenyewe si ikavunjika katuni ingali hewani, ikabidi aanze kutambulishwa kuwa anatoka Ulaya Mashariki. Binti wa watu amelala raia, kaamka jirani. Halafu Ma-Ti wa Amerika Kusini. Moyo.

Hapo ndipo penye kidonda changu.

Kwetu tulizaliwa watano, hesabu ikakaa kama imepimwa. Kaka mkubwa akachukua moto bila kumuuliza mtu. Dada akachukua maji. Mimi kitinda mimba nikaambiwa, "Wewe moyo, na usilie." Pete tulizikata kwenye shingo za chupa za plastiki, na chupa zenyewe, Mungu atusamehe, tukazitupa mtaroni. Kapteni wa watu akiguswa na uchafu analegea kama nguo mbichi, na sisi ndio jeshi lake!

Mchezo ukianza, kaka anaunguza msitu mzima kwa mdomo, dada anazima kwa mafuriko, mimi nimekunja ngumi naongea na paka. Maana Ma-Ti kazi yake ilikuwa kusema na wanyama na kulainisha watu nia. Paka nikamtuma kwa nguvu zangu zote. Akanitazama, akapiga miayo, akageukia ukuta.

Siku moja nikagoma. Bila pete zote tano Kapteni hatokei, hiyo ndiyo sheria, nikaona leo nimewakomesha. Nikatia mkono mfukoni, midomo nikaibana. Unajua walichofanya? Kaka alinivua pete, akaivaa kidole cha pili, akasema "Moyo!" kwa sauti nzito kuliko yangu. Kapteni akatokea palepale. Mgomo wangu haukumaliza hata dakika.

Basi jana usiku nikaandika kwenye kundi la familia: mnamkumbuka Captain Planet? Dada akaweka vikaragosi vya kucheka, wengine wakasoma wakapita. Kaka, mvi kichwa kizima, ndiye aliyejibu: "Jumapili kuna kikao kwangu. Moyo, njoo na katoni mbili za maji ya kunywa."

Nimemwambia maji si idara yangu, amuulize dada.