Sikukimbia nyoka Kimboza, mguu ulikuwa shimoni

Sasa basi, kwa kuwa jamaa yangu ameshatuma sauti kwenye kila grupu, hadi la ukoo, kwamba nilitimuliwa na nyoka msituni Kimboza, naomba na mimi nisikike. Sikukimbia. Ningekimbiaje wakati mguu wa kulia umezama ardhini hadi pajani?

Kwa ambao hamjafika, Kimboza ni msitu mdogo chini ya milima ya Uluguru, Morogoro, umekalia mawe ya chokaa. Mvua imeyala yale mawe tangu enzi na enzi, ikaacha nyufa, mashimo na ncha za kuchana suruali. Udongo umejificha kwenye vishimo tu. Hapa unakuta mti mnene uliojipatia udongo wa kutosha, hatua moja pembeni ni mwamba mtupu na vimmea vimejibana kwenye ufa, vina kiu hata baada ya mvua kwa sababu maji yote yamezama chini. Hiyo ndiyo kazi yetu watafiti wa mimea: tunatandaza futi kamba, tunaandika nani kaota wapi. Mnaosema ni kazi ya kitoto, subirini.

Jamaa kabaki nyuma na roli la futi kamba, mimi natangulia na ncha yake mkononi. Mbele yangu mkadi, mti wa majani marefu membamba, na juu ya mkadi yule mjusi wa bluu, ambaye wafugaji wa ng'ambo walimgombania mpaka biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku mwaka 2017. Nikasema ngoja nimsogelee nimpige picha.

Yale majani makavu hayakuwa na kitu chini yake.

Likatangulia gambuti. Likafuata goti. Likafuata paja. Halafu sehemu nyingine ikatua juu ya jiwe, na hiyo siielezi, mama mkwe yumo humu. Nikadaka kilichokuwa karibu, jani la mkadi. Jani la mkadi lina miiba kingo zote, kama msumeno. Nikaliachia. Nikazama kidogo. Nikalishika tena.

Mjusi hajasogea. Ananitazama tu.

Ndipo kitu chembamba, chenye ubaridi, kikaanza kutambaa juu ya goti, huko huko shimoni. Kikasimama. Kikaendelea, taratibu, kuelekea nyuma ya paja. Nikaacha kupumua. Kikazunguka. Kikakaza.

"Mamaaa! Nyoka! Nakufa mie!" Nikaanza Baba Yetu, nikaruka kutoka "uliye mbinguni" moja kwa moja hadi "Amina", muda haukuruhusu.

Mzee wa kijijini anayetuongoza akaja bila haraka yoyote. Akachutama, akapitisha mkono ubavuni mwangu, akapapasa, akavuta. Futi kamba. Niliporomoka nayo, na jamaa kule nyuma, kuona imelegea, akawa anaikunja kwa bidii zake zote.

"Mwanangu," mzee akasema, "nyoka huyu ana namba."

Mguu ulitoka, gambuti lipo huko mpaka leo, bodaboda alicheka njia nzima. Basi.

Ila kuna fomu. Jamaa aliijaza wakati mimi nachomolewa miiba: "Mita 17: mwamba wazi, mkadi 1, mtafiti 1." Msimamizi wetu kaipitia jana, kazungushia "mtafiti" duara la wino mwekundu, kaandika pembeni: "Ameota au amepandwa?"