Fimbo saba zinatosha

Korosho zikishapigwa mnada na fedha zikaingia, Mtwara watu hununua mabati, hununua pikipiki, na wachache waliokwisha kunaswa na gofu huagiza Dar es Salaam begi zima la fimbo 14. Kumi na nne ni ukomo tu uliowekwa na sheria za mchezo, hakuna anayelazimishwa kuufikia. Anayeanza anahitaji nusu yake: mbao namba 5 (jina limebaki mbao, kichwa siku hizi ni chuma), haibridi namba 5 (iliyo kati ya mbao na chuma), chuma namba 7 na 9, weji ya kawaida (fimbo ya kuinua mpira juu kwa masafa mafupi), weji ya mchanga, na puta, ya kusukumia mpira shimoni.

Draiva, fimbo ndefu kuliko zote ya kupigia mbali, isubiri. Mpini wake una inchi 45 hivi, na uso wake umelala nyuzi 9 hadi 12 tu. Kwa urefu huo na uso uliosimama hivyo, uso ukifunguka kidogo tu wakati wa kugonga, mpira unakata kulia na kupotelea vichakani. Mbao namba 5 ina nyuzi kama 18 na mpini mfupi zaidi, kwa hiyo inasamehe.

Kwenye vyuma, chagua vyenye mgongo uliochimbwa. Uzito wao umesukumwa pembeni mwa kichwa, hivyo ukigonga nje ya katikati kichwa hakigeuki sana mkononi. Vile vyembamba kama panga, vinavyopendeza dukani, ni vya mtu ambaye tayari anagonga katikati karibu kila mara. Kwa mwanafunzi havifundishi kitu, vinaumiza viganja tu.

Ila kosa ninaloliona kubwa kuliko yote ni mpini. Mtu ana misuli, basi anaambiwa achukue mgumu, usiopinda sana, ulioandikwa S. Mpini hauulizi misuli, unauliza kasi ya kichwa cha fimbo. Ukiwa mgumu kuliko kasi yako, mpira unaruka chini na kuelekea kulia (kwa anayetumia mkono wa kulia). Ukiwa laini mno, mpira unapanda sana na kuvuta kushoto.

Mashine ya kupimia kasi si lazima. Bahari inatosha. Siku za bamvua, maji yakipwa, tafuta sehemu ya ufuko yenye mchanga mgumu, asubuhi kabla upepo haujaamka. Piga mipira 10 kwa namba 7 ya kuazima, kisha pima kwa hatua hadi kwenye alama mpira ulipotua, usihesabu ulipobingirikia. Ondoa miwili bora na miwili mibaya, chukua wastani wa iliyobaki. Chini ya mita 115, tafuta mpini wenye herufi A, ulio laini. Kati ya 115 na 135, R, wa kawaida. Kutoka 135 hadi 150, S. Juu ya hapo, X, mgumu zaidi. Mipaka hii si ya kukatwa kwa kisu, lakini inakuepusha na kubahatisha. Na hakikisha mbele yako hakuna akina mama wanaochokoa pweza. Maji yakipwa huwa ni saa yao ya kazi.

Mshiko, ile raba ya kushikia, nao unapuuzwa. Shika fimbo kwa mkono wa kushoto: ncha za kidole cha kati na cha pete ziguse kidogo tu nyama ya chini ya dole gumba. Zikizama kwenye nyama, mshiko ni mwembamba. Zisipofika, ni mnene, na viganja vitashindwa kugeuka. Kwa joto la huku na jasho lake, chukua wenye nyuzi za kamba ndani ya raba. Kuubadilisha ni kazi ya nyumbani: kata wa zamani, zungushia utepe wenye gundi pande mbili, lowesha kwa petroli kidogo mbali na moto, sukuma mshiko mpya bila kusita, acha ulale hadi kesho.

Weji ya mchanga ina nyuzi 54 hadi 56, lakini kitu cha kutazama zaidi ni tumbo la soli yake, yaani uvimbe wa chini ya kichwa. Mchanga laini unataka tumbo la nyuzi 10 hadi 14, lisije likachimba. Ardhi iliyokauka kiangazi inataka dogo, nyuzi 4 hadi 8. Kubwa litadunda na kuugonga mpira kiunoni. Ndiyo maana mazoezi ya weji hii yafanywe juu, kwenye mchanga mkavu. Ule mgumu uliolowa utakudanganya kwamba fimbo ni mbovu.

Ukinunua za mtumba, tikisa kila moja karibu na sikio. Ikicheza ndani, huenda gundi ya kichwa imeachia. Mpini wa chuma ukague kutu pale unapoingia kichwani. Wa grafaiti, pitisha ukucha karibu na kichwa kutafuta ufa mwembamba. Baada ya hapo adui ni chumvi na jua. Futa fimbo kwa maji baridi ya bomba na kuzikausha kila zinapotoka ufukweni, na usiziache kwenye buti ya gari mchana kutwa: joto linaweza kulegeza gundi ileile uliyoitikisa dukani.